Matone mawili ya milioni moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyelalamika katika safu hii kwamba chuo kimoja cha umma kimenunua "matone mawili ya maji" kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Hakukitaja chuo hicho, nami mahali ninapofanya kazi sitapataja. Hesabu yake ya matone haina kasoro. Kichupa cha namna hiyo, cha protini za maabara ziitwazo kingamwili, hubeba mikrolita 100, yaani sehemu ya kumi ya mililita, na ukikimimina mezani utapata matone mawili kweli. Bei nayo ni kama alivyosema. Wauzaji wa nje hutoza dola za Marekani 300 hadi 500 kwa kichupa, na ukijumlisha usafiri, wakala wa forodha na barafu ya njiani, milioni inavukwa bila taabu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dar es Salaam. Vichupa hivyo ndivyo ninavyovipokea, kuvigawa na kuvifungia kwenye friza, kwa hiyo hasira ya msomaji naielewa kuliko anavyodhani. Ninachomlaumu ni kuishia kwenye bei. Angeuliza pia ni nani aliyehakikisha kwamba matone yale yanafanya kazi iliyoandikwa kwenye lebo, angetugusa panapouma.

Kilichomo kichupani, kama nilivyosema, ni kingamwili. Wakati wa UVIKO-19 kila mtu alizungumzia kingamwili, na maelezo yale yanatosha hapa: ni protini ambayo mwili wa mtu au mnyama huitengeneza ili ishike kitu kigeni, na kila aina hushika umbo lake. Maabara tunazitumia kwa kazi nyingine. Ukitaka kujua protini fulani iko sehemu gani ya seli, unatafuta kingamwili inayoishika hiyo tu, unaileta kwenye seli zilizohifadhiwa kwa kemikali juu ya kioo, unaongeza rangi inayong'aa ya kuifuata ilipo, kisha unaangalia kwa hadubini. Bila kingamwili, unachokiona ni kivuli cha seli na kiini chake, basi.

Nitatoa mfano wa kichupa ninachokijua vizuri, cha kingamwili ya protini iitwayo GM130. Nimekichagua kwa sababu ndicho kilichonisumbua, na kwa sababu habari yake ni tamu.

Ndani ya seli zetu, karibu na kiini, kuna mafungu ya vifuko bapa vilivyolaliana. Protini nyingi ambazo seli huzitengeneza ili izitoe nje, au izipeleke kwenye utando wake, hupita humo. Zinaingia upande mmoja, zinarekebishwa sukari zake, nyingine zinakatwa inapotakiwa, halafu zinatokea upande wa pili zikiwa ndani ya vijifuko vya utando vinavyozipeleka kila moja kwake. Insulini hupita humo. Mate, machozi na maziwa ya mama vyote vina protini zilizopita humo. Sehemu hiyo inaitwa Golgi, kwa jina la Mwitaliano Camillo Golgi wa Pavia, aliyeieleza mwaka 1898 baada ya kutia seli za ubongo wa bundi rangi yenye madini ya fedha. Kwa zaidi ya nusu karne wataalamu walibishana kama aliona kitu cha kweli au uchafu wa rangi yake mwenyewe, mpaka hadubini ya elektroni ilipokata shauri katika miaka ya 1950.

Wasomaji wa ukanda wetu wajue jambo moja pembeni: ni Golgi huyu huyu aliyeonyesha, mwaka 1885 na 1886, kwamba baridi na homa ya malaria huja pale vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu kwa pamoja, na kwamba homa ya kurudi kila siku ya tatu na ile ya kila siku ya nne ni za vimelea tofauti. Mimi ningempa tuzo kwa hilo. Waliompa Nobel mwaka 1906 walimpa kwa kazi ya neva, akigawana na Mhispania Santiago Ramón y Cajal, na Golgi akaitumia hotuba yake ya tuzo kuipinga nadharia ya mwenzake.

Sasa GM130. Hukaa upande ule wa kupokelea. Ni protini ndefu na nyembamba, mwisho wake mmoja umeshikizwa kwenye utando wa Golgi na mwingine umetokeza nje, ukisaidia kuvikamata vijifuko vinavyowasili kabla havijaungana na utando. Uzito wake ni takriban kilodaltoni 130 (ndicho kipimo cha uzito wa protini), na namba iliyo kwenye jina imetoka hapo. Seli inapokaribia kugawanyika, GM130 hutiwa fosfeti, inamwachia mwenzake aitwaye p115, na Golgi nzima inavunjika vipande vidogo vidogo ili seli mbili mpya zigawane. Uchunguzi wa jinsi vijifuko vinavyojua pa kwenda ndio uliowapa James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013.

Msomaji atasema: vizuri, lakini sisi Watanzania tunaitafutia nini? Chukua homa ya ini aina B, ambayo tunaishi nayo majumbani. Virusi vyake vina protini ya ganda la nje, ile ile tunayoipima kwenye damu ya mtu kujua kama ana maambukizi, na protini hiyo hutoka kwenye seli ya ini kwa kupitia njia hii ya Golgi. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuona protini hiyo inakwama wapi pale virusi vinapobadilika anahitaji alama ya kumwonyesha Golgi iko wapi kwenye picha. GM130 ni mojawapo ya alama zinazotumika sana duniani kwa kazi hiyo. Hapo ndipo matone mawili yanapoingia.

Kuna jambo katika historia ya kingamwili hizi ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wakichoka kusubiri jeli. Za kwanza kuonyesha protini za ukoo huu hazikutengenezwa maabara. Mwaka 1982 watafiti waliripoti kwamba damu ya mgonjwa wa Sjögren ilikuwa na kingamwili zinazoshika Golgi. Sjögren ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeukia tezi za mate na machozi, mgonjwa akabaki na kinywa kikavu na macho makavu. Mwaka 1993 kundi la Marvin Fritzler, huko Canada, likitumia kingamwili za damu za wagonjwa, lilizitambua protini mbili za Golgi, moja wakaiita golgin-95. Miaka miwili baadaye huko London, Nobuhiro Nakamura, Graham Warren na wenzao wakaichukua Golgi ya ini la panya wakubwa wa maabara, wakaiosha kwa chumvi na sabuni mpaka kikabaki kiunzi kisichoyeyuka, na humo wakaipata protini waliyoiita GM130. Ilipolinganishwa, golgin-95 ya wagonjwa ikaonekana ni kipande cha hiyo hiyo. Kingamwili ilitangulia, protini ikaja kujulikana baadaye.

Leo hatusubiri mgonjwa. Unaweza kumdunga sungura kipande cha GM130, na damu yake ikakupa mchanganyiko wa kingamwili zinazoishika protini hiyo sehemu mbalimbali. Mchanganyiko huo ni wa sungura yule. Akifa, haurudi tena ulivyokuwa. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Wakapata hibridoma, yaani ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu, mwaka hadi mwaka, na Nobel yao ikaja 1984. Kingamwili ya GM130 inayotajwa sana katika machapisho, kloni 35 ya panya, yaani ukoo wa seli wenye namba hiyo, imetoka kwenye njia hiyo. Hatua ya tatu ni ya siku hizi: jeni ya kingamwili inasomwa herufi kwa herufi, inahifadhiwa kwenye kompyuta, na inaweza kutengenezwa upya ndani ya seli za maabara popote. Hizo zinaitwa kingamwili rikombinanti. Bechi ya mwaka huu na ya miaka mitano ijayo inapaswa kuwa kitu kile kile.

Tofauti hizo zote hupotea kwenye fomu ya manunuzi.

Mwanafunzi mmoja niliyekuwa namsaidia aliomba kingamwili ya GM130 ya sungura. Alisisitiza sungura kwa sababu kingamwili yake nyingine, ile ya protini ya virusi, ilikuwa ya panya. Kwenye hadubini kwa kawaida hatuipaki rangi kingamwili ya kwanza. Tunaleta ya pili, yenye rangi, inayoshika kingamwili yoyote iliyotoka kwa panya, na nyingine ya rangi tofauti inayoshika yoyote iliyotoka kwa sungura. Kijani kwa virusi, nyekundu kwa Golgi. Zote mbili zikiwa za panya, hakuna tena wa kuzitenganisha, na picha haikwambii kitu.

Ombi likapanda ngazi zake, likakaa, likashuka. Kikaja kichupa cha panya. Mzabuni wa bei ya chini alikuwa nacho hicho, na kwenye maelezo ya zabuni maneno yaliyobaki yalikuwa "kingamwili ya GM130, kichupa kimoja". Sungura alipotelea njiani, na namba ya kloni pia. Afisa ugavi aliponiona nimekunja uso aliniuliza kwa upole kabisa: "Dada, kwani si GM130 ile ile?" Simlaumu sana. Fomu yake ina nafasi ya jina, kiasi na bei, na sheria inamtaka athibitishe kuwa hakupendelea mtu. Kalamu ya mkaguzi inamwogopesha zaidi ya picha yangu ya hadubini.

Tukasema basi, angalau tuijaribu peke yake, huenda ikafaa kazi nyingine. Kipimo cha kwanza ni bloti. Unazisaga seli, unazitenganisha protini zake kwa uzito ndani ya jeli kwa nguvu ya umeme, unazihamishia kwenye karatasi maalumu, kisha unaimwagia karatasi ile kingamwili. Nzuri ya GM130 hutoa mstari karibu na alama ya 130. Ya kwetu ilitoa mstari hafifu hapo, mwingine mnene karibu na 70, na mistari mingine myembamba iliyotapakaa kama mtu amekwaruza. Kwenye hadubini ikang'arisha kiini cha seli kizima. Golgi ya seli iliyotulia huonekana kama utepe uliojikunjakunja pembeni mwa kiini. Kiini chenyewe kukiwaka chote namna ile, ujue kingamwili imekwenda kwingine. Tulibadilisha kemikali ya kuhifadhi seli, maana ziko kingamwili zinazokubali methanoli na kukataa fomalini, na kinyume chake. Kiini kikaendelea kung'aa. Muuzaji alipoandikiwa alijibu kwamba bidhaa yake imetumika katika machapisho mengi, na akatuma karatasi ya maelezo yenye picha moja ya bloti iliyokatwa juu na chini, ukaonekana mstari wa 130 peke yake.

Ukisimama Kariakoo ukaita "Juma!", watageuka wengi, na kila aliyegeuka ana haki ya kuitika. Kingamwili mbaya inaita namna hiyo. Kwa GM130 hatari hiyo ipo tangu kuzaliwa: jeni yake, iitwayo GOLGA2, ina ndugu wengi, na kwenye kromosomu ya 15 ya binadamu kuna jeni kadhaa za kundi la GOLGA8 zenye vipande vinavyofanana nayo. Kingamwili iliyotengenezwa kwa kipande kisichochaguliwa vizuri inaweza kuwashika ndugu hao, au ikashika protini isiyo na undugu wowote ila umbo la sehemu ndogo.

Msomaji asidhani haya ni ya nchi maskini. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wenzao zaidi ya mia moja, waliandika katika jarida la Nature kwamba dunia inapoteza kiasi cha dola milioni 800 kila mwaka kwa kingamwili za utafiti zisizofanya kazi yake. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walizipima kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika kutafuta kipokezi kimoja cha homoni ya estrojeni, kile cha beta, na moja tu ikafaulu vipimo vyao vyote. Kwa kingamwili hiyo moja, kipokezi ambacho watu walikuwa wameandika miaka mingi kwamba kimo kwenye matiti hawakukiona, wala kwenye titi lisilo na ugonjwa wala kwenye saratani yake. Fikiria ni makala ngapi, na fedha za watu wangapi, zilijengwa juu ya zile nyingine 12.

Kuna kundi lililoanzia Montreal, Canada, liitwalo YCharOS, ambalo limeamua kuifanya kazi hii ya kuchosha kwa niaba ya wote. Mwaka 2023 walichapisha matokeo ya kingamwili 614 za madukani, zilizouzwa kwa ajili ya protini 65. Zaidi ya nusu zilishindwa katika kipimo kimoja au zaidi, na zile za rikombinanti kwa ujumla zilifanya vizuri kuliko za wanyama. Kilichonivutia zaidi ni kwamba wauzaji wenyewe ndio walioleta vichupa bure vipimwe, na matokeo yalipotoka baadhi ya bidhaa ziliondolewa sokoni na nyingine zikabadilishiwa maelezo. Wanaona aibu wakionyeshwa hadharani. Barua moja ya mteknolojia wa Dar es Salaam haiwatoi jasho.

Kipimo chao si cha ajabu. Unachukua seli za aina moja, unazigawa mafungu mawili, kwenye fungu moja unaifuta jeni ya protini husika kwa njia ya kukata jeni iitwayo CRISPR. Kisha unaziweka bloti zake bega kwa bega na kuzimwagia kingamwili ile ile. Mstari ukitoweka kwenye seli zisizo na jeni, umenunua unachofikiri umenunua. Ukibaki palepale, umenunua kitu kingine. Seli za maabara huvumilia kukosa GM130, kwa hiyo kwa protini hii kipimo kinawezekana bila shida.

Seli za namna hiyo ni ghali kwetu, nakubali. Bado ziko njia za chini yake. Nokodazoli ni dawa inayozivunja nyuzi za ndani ya seli ambazo Golgi huzitegemea kukaa pamoja. Ukiiweka, ndani ya saa chache Golgi inatawanyika kuwa vipande vilivyosambaa seli nzima. Kingamwili ya kweli itavifuata vipande. Ile inayoendelea kung'aa palepale kana kwamba hakuna kilichotokea imeshajieleza. Huo ni ushahidi wa mahali, hauthibitishi kwamba kilichoshikwa ni GM130 na si jirani yake wa Golgi. Lakini ni heri kuliko kusoma lebo na kuamini. Nokodazoli kidogo hutosha majaribio mengi.

Niseme na juu ya baridi, kwa sababu kila mara kingamwili ikikataa kufanya kazi mtu wa kwanza kulaumiwa ni aliyeipokea, na wa pili ni umeme. Kichupa kilichokaa siku mbili tatu uwanja wa ndege kikiwa na vipande vyake vya barafu mara nyingi hakidhuriki. Kingamwili ni ngumu kuliko sifa yake. Kinachoiua ni kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Ndiyo maana siku ya kwanza naigawa kwenye vichupa vidogo vidogo vya kutumika mara moja, isipokuwa kama ina gliseroli nusu kwa nusu, ambayo haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Na ndiyo maana nagombana na wanaotuletea friza za dukani zinazojiyeyusha barafu zenyewe. Kwa nyama na samaki zinafaa sana. Kwa kingamwili, friza inayojipasha joto kimyakimya ili isiote barafu ni mwizi.

Turudi kwenye fedha za umma. Kichupa cha matone mawili, kikiwa kizuri, hakiishi kwa siku moja. Kwa bloti tunachanganya sehemu 1 ya kingamwili kwa sehemu 1,000 za maji ya chumvi yenye maziwa ya unga au protini nyingine. Mikrolita 100 zinatoa mililita 100 za kufanyia kazi, na bloti moja ndogo inahitaji mililita 5 hadi 10. Fanya hesabu mwenyewe. Gharama kubwa iko kwenye kichupa kibaya: jeli, karatasi, kingamwili za pili, saa za hadubini, na miezi ya mwanafunzi aliyepewa muda maalumu wa kumaliza shahada. Hayo hayaingii kwenye ripoti yoyote ya ukaguzi kwa sababu hayana risiti moja.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Maelezo ya zabuni ya kingamwili yabebe aina ya mnyama, namba ya kloni, namba ya katalogi na ile namba ya utambulisho ya kimataifa iitwayo RRID, na yapite kutoka kwa mtafiti hadi kwa mzabuni bila kufupishwa na mtu yeyote katikati. Bei ya chini ishindaniwe na wanaoleta kitu hicho hicho, siyo na wanaoleta jina lake. Muuzaji atakiwe kuonyesha bloti nzima, na kama hana kipimo cha seli zilizofutwa jeni, aseme hana. Mkataba uwe na kipindi cha majaribio ambacho kichupa kikishindwa kinarudishiwa fedha. Makampuni mengi makubwa ya nje yana dhamana ya namna hiyo kwenye tovuti zao, lakini ukinunua kwa mtu wa kati dhamana hupotelea mkononi mwake. Na mtafiti akiandika fungu la kupima kingamwili kabla ya kuitumia, lisiwe la kwanza kukatwa.

Wenzangu wa maabara nao, hasa vijana, wasikimbilie kila mara kampuni yenye tovuti nzuri. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kina benki ya hibridoma iliyoanzishwa 1986 kwa msaada wa serikali yao, haiuzi kwa faida, na bei zake ni sehemu ndogo ya zile za makampuni. Kwa baadhi ya kingamwili rikombinanti jeni zake ziko wazi, na maabara yenye seli za kukuza, virutubisho vyake na subira inaweza kuzitengeneza hapa hapa. Vyuo vyetu vina watu waliosomea hivyo. Siku hiyo tutakuwa na matone mengi, na msomaji wako atatafuta jambo jingine la kutuandikia.

Kuna moja la mwisho, nalo naliona jepesi kuliko yote. Watu wa maabara za Dar es Salaam, Moshi na Mwanza tunaulizana kwa simu kila mara: ile ya kampuni fulani uliinunua, ilikubali? Majibu hayo hufia kwenye simu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, au chuo chochote kitakachojitolea, kiyaweke kwenye orodha moja iliyo wazi kwa kila mtu, na wa Nairobi na Kampala wakaribishwe waandike humo. Iwe na jina la protini, namba ya kingamwili, bechi, aina ya seli, namna zilivyohifadhiwa, kipimo kilichotumika, na jibu kama ilifanya kazi au haikufanya. Mbele ya kila jibu iwekwe picha ya bloti nzima, isiyokatwa kingo.

Mteknolojia wa maabara,
Kimara, Dar es Salaam
(Jina na anwani vimehifadhiwa)